Ukikwama niambie: barua kwa mwanangu kutoka Hamburg

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako kwamba viza ya kuja Hamburg kusomea uuguzi imetoka umenikuta mezani na wanunuzi, sahani ya karafuu zetu iko katikati yetu. Mzee mmoja alikuwa anaziminya moja moja kwa ukucha aone kama mafuta yanatoka. Nikausoma, nikaifunika simu, nikaendelea kujibu maswali ya unyevu na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, moyo unanidunda. Alhamdulillahi. Nimefurahi, na nimeingiwa na hofu, ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu. Nikisubiri nirudi, nyumba itakuwa imejaa watu wa kukuaga, na wewe utaniambia "sawa mama, sawa mama" huku unakunja nguo.

Jambo langu ni moja. Ukikwama huku, niambie. Nitalirudia mpaka ulichoke.

Kikao kilipokwisha sikurudi hotelini. Nilitaka kuuona mji utakaokaa nao miaka mitatu. Kwanza, giza. Mwezi huu wa Novemba magharibi inaingia saa kumi na robo jioni, saa ambayo sisi tunatafuta kivuli cha kukaa. Kiangazi mambo yanageuka: isha inakaribia usiku wa manane, alfajiri nayo haichelewi kuingia, na muuguzi ana zamu zake. Jipange mapema. Nimeswali mtaa wa St. Georg, nyuma ya stesheni kuu. Kuna msikiti wenye minara miwili iliyopakwa mabaka ya pembe sita, ya kijani na meupe, huwezi kuupotea. Ukifika tu, kabla hujajua duka liko wapi, ujue njia ya kwenda pale. Ujitambulishe kwa kina mama. Usiingie ukaswali ukatoka kimya kimya, nakujua.

Kutoka hapo nikateremka kwa miguu kuelekea bandarini. Mtaa wa Große Reichenstraße nikapita kwenye jengo linaloitwa Afrikahaus, lililojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni amesimamishwa shujaa wa Kiafrika wa shaba na silaha zake, na ndani uani wako tembo wawili. Watu wanapita na baiskeli zao hata hawamtazami. Mimi nilisimama. Meli za kampuni ile ndizo zilizobeba askari wa Kijerumani kwenda Namibia kuwapiga Waherero, mwaka 1904. Sikuambii ili uje na kisirani, wagonjwa utakaowahudumia hawakuwepo. Nakuambia ili usije ukadhani umefanyiwa hisani kuingia mji huu. Umeingia kwa cheti chako, na Kijerumani ulichojisomea kwenye simu usiku, uniti za Tukuza za luku yetu zimekwisha na umeme umekatika. Hilo sijawahi kukuambia, lakini nilikuwa nakusikia ukirudiarudia maneno peke yako, nami nikijivunia hadi usingizi unapaa.

Kisha nikavuka daraja nikaingia Speicherstadt, mtaa wa maghala. Mwanangu, ni matofali mekundu mitaa mizima, ghorofa kwa ghorofa, paa zimegeuka kijani kwa kutu ya shaba, na katikati badala ya barabara ni mifereji. Chini yake ni matope, yote yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa ardhini. Walianza kujenga mwaka 1883. Miaka mitano baadaye Hamburg ikaingia kwenye umoja wa forodha wa Kijerumani, na wafanyabiashara wake walikuwa wamedai wabakiziwe mahali pa kuweka mali bila ushuru. Watu kama 20,000 waliokuwa wakiishi hapo walihamishwa kupisha magunia ya kahawa na viungo. Juu ya kila ghala, kwenye ncha ya paa, bado iko kapi iliyokuwa ikipandisha mizigo kutoka kwenye tishari. Nilisimama nikaitazama moja nikafikiria wachumaji wetu wa Pemba wanaolipwa kwa pishi, na wanawake wanaochambua makonyo mpaka vidole vinanuka wiki nzima. Wafanyabiashara wa mji huu walikuwa Unguja tangu enzi za Sultani Sayyid Said. Ushuru ulijengewa mji mzima. Kazi ya mikono ile sikuona hata kibao.

Na kilichonishangaza kuliko vyote: maji yalikuwa yamekupwa. Bahari iko mbali, kama kilomita 100 kuteremka mto Elbe, lakini mto unajaa na kupwa kama pwani ya kwetu. Tope lilikuwa wazi, na ukutani mstari wa kijani unaonyesha maji yanapofika yakijaa, juu ya kimo cha mtu. Watu wa hapa wanayaheshimu. Mwezi Februari mwaka 1962 bahari ilisukumwa na dhoruba mpaka ndani ya mji, wakafa watu 315, wengi wakiwa wamelala. Ukipata chumba, uliza kama mtaa huo hufurika, na ukisikia king'ora usiku usijifunike shuka. Toka, gonga mlango wa jirani, uliza.

Kuuliza kwenyewe ndiko ninakokuogopea. Kisa cha Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka Unguja akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, umekisoma skuli, sikusimulii. Ila skuli hawasimamii sana sehemu ya Hamburg. Alifika hapa mwaka 1867. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya farasi, Salme mwenyewe hajatimiza hata miaka 26, akabaki na watoto watatu wadogo kwenye mji ambao hata lugha yake ilikuwa inamsumbua. Kwetu watu hawaishi kubishana kama alikosea kuondoka. Jioni hii, upepo unanipiga pale darajani, ubishi huo haukuniingia akilini kabisa. Nilijiuliza tu usiku ule wa kwanza baada ya mazishi alimlilia nani. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa na manowari za Kijerumani, na kaka yake, Sayyid Barghash, hakumpokea. Amezikwa hapa hapa, makaburi ya Ohlsdorf.

Nyumba yetu haimfungii mtu mlango. Unanisikia? Ukifeli mtihani, mlango uko wazi. Ukiugua, ukiachishwa kazi, ukiona hali huiwezi, ukipenda mtu tusiyemjua na mambo yakaharibika, mlango uko wazi. Siku ile ukumbini, mashangazi zako wamekaa, yalisemwa maneno ya aibu na jina la ukoo. Mtu akiwa na hofu husema zaidi ya anachokusudia. Yasikae kichwani mwako yakakuzuia kupiga simu.

Ya Dar unayajua, siyarudii. Lakini kupata habari za mwanangu kulazwa kutoka kwa mwenzake wa chumbani, tena ameshatoka hospitali, sitaki tena maishani. Ulisema hukutaka kunitia wasiwasi. Wasiwasi ninao tayari, mama, niliupata siku uliyozaliwa. Huwezi kuniongezea, unachoweza ni kunipa wa kweli badala ya wa kubuni.

Mengine ni madogo. Jumapili maduka yamefungwa, nunua chakula Jumamosi. Usivuke barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari, wazee wa hapa watakugombeza mbele ya watoto. Usisaini mkataba wowote ambao hujauelewa, wa chumba wala wa simu, hata kama mwenye chumba anakuharakisha. Pesa ya mafunzo ni mshahara wako, utume nyumbani baada ya kula na kulipa kodi, siyo kabla. Baridi si ya kushindana nayo kwa mitandio, na lile koti la mtumba la soko la Darajani ulilosema linatosha halitoshi, nimelipima kwa macho yangu na watu waliovaa. Kesho nitakutafutia jingine nikipata bei ya kueleweka. Niandikie kiatu chako ni namba ngapi, maana hapa nimeona viatu vya manyoya ndani. Kuna andazi lao lililobanwa, limejaa mdalasini, wanaliita Franzbrötchen. Nimenunua mawili, moja ni lako.

Babu yako asikose dawa ya presha, na asidanganye kwamba amekunywa, mhesabie vidonge. Tangi la juu lilikuwa linavuja, mwambie kaka yako amwite fundi kabla mvua za vuli hazijachanganya. Mchango wa harusi ya binamu yako uko kwenye bahasha ndani ya kabati, chini ya kanga za bluu, upeleke wewe mwenyewe wakuone kabla hujaondoka. Mpigie mjomba wako Pemba, mwambie karafuu zilizobaki zisipelekwe kituo cha kuuzia mpaka ziwe zikikunjwa zinavunjika kwa sauti. Watu hawa leo wamenirudisha kwenye unyevu mara tatu, na bei wanaishusha kwa sababu hiyo.

Cheti chako cha kuzaliwa toa nakala na ziidhinishwe, asilia usiweke kwenye begi la mzigo. Andika namba yangu kwenye karatasi pia, simu huibiwa.

Ukishasoma nipigie, hata kama ni usiku, huku tuko nyuma yenu saa mbili. Usinijibu kwa kidole gumba. Nataka nikusikie ukisema kwa mdomo wako kwamba ukikwama utaniambia.

Mama yako