Mdogo wangu uliyehamia Njombe, usiing'oe kwanza hiyo bustani

Mdogo wangu,

Ile picha uliyonitumia juzi alfajiri nimeiangalia mara nyingi sana, nimeivuta karibu mpaka nikaona majani ya nyanya yalivyogeuka meusi na kulegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto, na kule pembeni bamia zimebaki vijiti vitupu. Alafu chini yake umeandika "dada mimi sina mkono wa kupanda, naacha". Hayo maneno ndo yamenikosesha raha kuliko hata picha yenyewe. Nimeona nikujibu hapa mbele ya watu badala ya kwenye simu maana najua mko wengi mliohamishwa kikazi mkabeba mbegu za nyumbani kwenye begi, na huenda kuna mwingine asubuhi hii amesimama mbele ya tuta lake anawaza hivohivo.

Mkono unao. Mimi ndo niliyekuona pale Mbagala, Dar, ukiwa darasa la tano, unakata matembele ya mama yale ya nyuma ya bafu, unayachomeka mchangani kwa kidole tu na baada ya wiki chache yamefunika mpaka ukutani. Kilichokupata huko ni sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande kwenye majani, basi, na sakitu haiangalii mkono wa mtu.

Ngoja nikueleze inavyokuja maana mimi hakuna aliyenieleza. Njombe mjini iko juu kama mita 2,000 toka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, kwahiyo wewe umeshapoteza karibu nyuzi 12 za Mbagala kabla hata Juni haijafika. Sasa ikiingia Juni mpaka Agosti mawingu yanaondoka, usiku anga linakuwa jeupe, upepo unatulia, lile joto ambalo udongo umelikusanya mchana kutwa linapanda juu na hakuna wingu la kulizuia. Hewa inayobaki chini inapoa, na hewa ya baridi ni nzito, inatiririka kama maji kwenda bondeni inatuama huko. Ndo maana utakuta mtu wa mteremkoni mboga zake nzima na wewe wa chini umebaki na vijiti. Nyumba uliyopanga iko chini kabisa karibu na mto si ndio? Nimeiona kwenye picha zako za mwanzo, nikasema moyoni hapa nyanya zitapata tabu, na sikukwambia, naomba unisamehe kwa hilo.

Mwaka wangu wa kwanza huko, kazi ya shemeji yako ilipotupeleka, nilipanda mchicha. Si unajua mchicha wa Dar, siku 21, 25, umeshang'oa unachambua. Ule ulikaa miezi miwili una urefu wa kidole, ukageuka rangi ya zambarau, nikajua ni mbolea, nikaongeza samadi, ukakaa vilevile, nikaongeza tena. Kulikuwa na bibi jirani yetu, wa kabila la Wabena, alikuwa ananiangalia kila siku kupitia uzio wa mianzi ila haongei. Siku moja akaja na miche ya kabichi kaifunga kwenye kipande cha khanga iliyolowa, akaniambia mwanangu hiyo mboga yako inasikia baridi, panda yenye koti. Nikamwangalia sijaelewa. Akashika kabichi moja ya kwake akaifunua jani moja, la pili, la tatu, akasema unaona amevaa.

Toka siku hiyo nikaanza kupenda kule. Kabichi, sukuma wiki, chainizi, karoti, njegere, vitunguu saumu, nyingi kati ya hizi ukizipanda pwani unahangaika nazo, lakini huko zote zinakuja kama zimeitwa. Na kuna kitu ambacho ningependa ukionje mwenyewe kabla hujaacha. Mboga hizi zikipigwa baridi kidogo zinakuwa tamu, maana mmea unageuza wanga wake kuwa sukari ili usigande. Sukuma wiki uliyochuma asubuhi ya Julai huko Njombe, mdogo wangu, haina uchungu wowote ule uliozoea, hata wanangu ambao mboga za majani walikuwa wanazisogeza pembeni ya sahani walianza kugombania.

Karoti zilinifundisha uvumilivu. Nilipanda pakiti ya kwanza haikuota hata moja, wiki tatu namwagilia udongo mtupu, kuja kuangalia ile pakiti vizuri nikabandua stika ya bei na chini yake ndo kulikuwa na tarehe, zilikuwa zimeshapitwa mwaka mzima. Nililia kwa kweli maana maji yale nilikuwa nayabeba kwa ndoo. Kwahiyo ukinunua mbegu bandua stika pale pale dukani, na ukifika nyumbani chukua mbegu kumi weka kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani uone zinazochipua. Karoti za pili ziliota lakini nilikuwa nimetia samadi mbichi, zikatoka zimegawanyika miguu miwili kama suruali. Za tatu nilitumia samadi iliyokaa toka msimu uliopita, nikachambua udongo mpaka mawe yakaisha, nikapunguza miche ikabaki nafasi ya vidole viwili viwili. Baada ya miezi kama mitatu na nusu mwanangu mkubwa akashika majani akavuta, ikatoka moja imenyooka, ndefu kama mkono wake toka kiganja mpaka kiwiko, ina udongo mwekundu, akaifuta kwenye kaptula akaila pale pale. Mpaka leo akiona karoti sokoni anaitaja ile.

Na wadudu wapo usidhani baridi inawaua. Kuna asubuhi utakuta miche imelala chini imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe. Usimlaumu kuku wa jirani. Chukua kidole fukua pale pale pembeni ya shina lililokatwa, sentimita mbili tatu tu, utamkuta kiwavi anaitwa sota amejikunja kama pete, mnene, rangi ya majivu. Huyo anakata usiku mchana analala hapo hapo. Mtoe. Mimi nilikuwa nakata vitako vya vikombe vya plastiki nauvisha kila mche kikombe chake nakizamisha kidogo udongoni, hakurudi tena.

Alafu tukahamishiwa Dodoma na mimi nikaenda na akili ya Njombe. Nikainua matuta marefu mazuri, kila aliyepita anasifia, namwagilia jioni kufika kesho yake mchana ni makavu mpaka chini yamepasuka. Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600, inaanza Desemba ikifika Aprili imekwisha, na katikati ya hapo kuna jua na upepo mkavu unaonyonya maji hata kwenye jani. Ikabidi nifanye kinyume, nikashusha bustani, nikachimba vijaruba chini ya usawa wa ardhi kina cha kiganja, maji yakiingia yanatulia humo humo hayakimbii. Juu nikatandaza maganda ya karanga, yale mashine za kubangulia wanayamwaga bure, unabeba viroba unavyotaka. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kusuuzia vyombo, yote yalikuwa yanaenda kule, na usiku nafunga kwa matawi ya miiba maana mbuzi wa mtaani wanajua bustani ya mgeni iko wapi.

Nikwambie kilichonigusa Dodoma. Mvua za kwanza zilipopiga yakaota majani kwenye vijaruba vyangu ambayo sikuyapanda, nikayapalilia yote nikayarundika pembeni. Mama mmoja akapita akasimama akaniuliza unayatupa? Akainama akaanza kuchambua lile rundo moja moja anaweka kwenye upande wa khanga. Ulikuwa mlenda pori. Jioni akaniletea bakuli, amepika na karanga, na akanionyesha nyumbani kwake alivyoanika mwingine juu ya mkeka ukauke ule wa kula kiangazi chote wakati sisi tunahangaika na ndoo. Niliona aibu, alafu nikafurahi sana, maana kumbe nilikuwa na bustani tayari na nilikuwa naing'oa. Mwaka uliofuata niliuacha ukajiotea.

Na usije ukakaa huko ukawaza kwamba ungebaki nyumbani mambo yangekuwa rahisi. Saa hizi tumerudi Dar, tuko Kigamboni, maji ya kisima yana chumvi, ukimwagilia mwezi mmoja juu ya mchanga panabaki utando mweupe ukiugusa unavunjika kama ganda la yai. Maharage yalianza kuungua pembeni ya majani, ukingo wote kahawia, yakafa taratibu. Spinachi ndo inavumilia chumvi ile, kwahiyo nimejaza spinachi, na maji ya mvua ya masika nayakinga kwenye tanki nayatunza kwa ajili ya miche midogo tu. Nyanya nazo, Januari na Februari zinachanua vizuri alafu maua yote yanadondoka, usiku joto halishuki, ua linashindwa kushika tunda. Nimehamisha, nasia kitaluni Aprili ili zichanue Juni Julai wakati kusi inavuma na usiku kuna kaubaridi. Hapo zinashika, ingawa kantangaze, yule kiwavi mdogo wa nyanya, naye yupo, anachora njia zake ndani ya jani mpaka linaonekana kama limeungua, kila asubuhi napita nachuma majani yenye michoro nayafukia mbali. Kuna misimu namshinda kuna misimu ananishinda. Mama anapenda kuja Jumamosi anakaa kwenye kigoda ananisaidia kuyatafuta, macho yake bado makali kuliko yangu, na kila akija lazima aulize "na yule wa Njombe amepanda nini?"

Sasa fanya hivi. Bamia achana nazo huko, hata ukizibembeleza. Mchicha na matembele subiri joto lirudi kuanzia Oktoba. Hii Julai panda kabichi, sukuma wiki, chainizi, na vitunguu saumu kama utapata mbegu sokoni kwa akina mama wenyewe wa huko. Njegere panda lakini zichanue baada ya Agosti, jani lake linavumilia ila ua likipigwa na sakitu linakufa. Udongo mwekundu wa huko ni mchachu, majivu ya kuni tawanya kidogo kwenye tuta la kabichi, usiweke kwenye viazi. Nyanya sia Agosti ndani ya nyumba, kata dumu kwa ubavu ujaze udongo uweke dirishani linapoingia jua la asubuhi, katikati ya Septemba uhamishie nje, usizicheleweshe zikakutana na mvua za Desemba maana ukungu utazimaliza. Na wakati unasubiri waulize majirani kuhusu vinyungu, vile vibustani vya bondeni wanavyolima kiangazi kwa unyevu wa udongo wenyewe, nenda kaangalie wamepanda nini mwezi gani, kaa nao, wasaidie hata kupalilia.

Jioni ukitoka nje ukaona nyota zimewaka kweli kweli na hakuna jani linalotikisika, ujue usiku huo sakitu inashuka. Udongo uwe umeloa toka mchana, maana udongo wenye maji unashika joto, alafu funika miche kwa nyasi kavu au magunia uliyoyaegemeza kwenye vijiti yasiguse majani, asubuhi jua likishapanda unafunua.

Na hizo nyanya. Umesema Jumamosi unang'oa zote. Kabla hujang'oa nenda na ukucha wako ukwaruze shina pale chini kabisa, karibu na udongo, kila mche. Ukikuta chini ya ganda ni kahawia ng'oa. Ukikuta kijani kibichi, hata kwenye miche miwili mitatu, kata yale meusi yote juu yake, funika jioni, uusubiri wiki mbili, mara nyingi unachipua toka pale pale chini. Nipigie picha za mashina, moja moja, mama naye anataka kuziona.

Dada yako