Somo yangu, mlangilangi uache Tanga

Makete, 3 Agosti

Somo yangu,

Hongera kwa uhamisho wa kuja huku kwetu milimani. Umeuliza ubebe miche gani ya uani kwenu. Hibiskasi beba, mwasumini beba. Mlangilangi uache hukohuko. Huku mti huo utakufa kwa baridi hata mizigo hujamaliza kufungua.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda hibiskasi tatu bondeni, karibu na kijito, nikijisifu kwamba sitachoka kuchota maji. Juni ikaja. Usiku mmoja nyota zimejaa, upepo hakuna kabisa, na asubuhi nyasi zote nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Sakitu hiyo, umande ulioganda. Jua lilipopanda, majani yakalegea, yakawa meusi kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Bibi jirani akaniambia, "Baridi inateremka kama maji, mwanangu. Umeyalaza maua yako kwenye dimbwi."

Siku hizi napanda juu, ukutani, upande wa kaskazini wa nyumba. Usishangae: Juni jua letu linapitia kaskazini, tofali linashiba joto mchana na kulirudisha usiku. Upande wa mashariki nilijaribu, nikajuta. Jani lililoganda likipigwa na jua la asubuhi ghafla, linaungua zaidi.

Nikiona jioni anga ni safi na kumetulia, nafunika kwa kanga kuukuu juu ya vijiti, zisiguse majani. Nailoni nilishaiacha, pale inapogusa jani ndipo linapoungua. Udongo naumwagilia tangu mchana, maana ulio mkavu haushiki joto. Mwasumini wangu unaishi kwenye ndoo na usiku unalala jikoni na sisi. Mume wangu analalamika, lakini harufu anaipenda.

Mbolea naacha tangu Machi, machipukizi laini ndiyo ya kwanza kufa. Na matawi yakiwa meusi, usishike kisu mpaka Septemba iishe! Moja ya zile hibiskasi tatu niliyokwisha kuikatia tamaa ilichipua shinani Oktoba.

Okidi za Kitulo, maua ya porini ya uwanda wa juu hapa jirani, zina akili kutuzidi: kiangazi chote zimejificha ardhini na viazi vyake, zinasubiri mvua.

Kwa hiyo usije na miche sasa. Njoo nayo Oktoba, umeifunga kwa gunia bichi. Na halua usisahau.

Somo yako