Shoga, nimeona joho huku

Shoga angu Mwana,

Salama huko? Huku baridi tu. Jana dada kanipeleka makumbusho hapa Vienna, ile yenye mataji ya wafalme, mie nikaenda kumridhisha. Mara nakutana na joho jekundu la hariri, nusu duara, karibu mita tatu na nusu, simba wawili wa dhahabu kila mmoja kamrukia ngamia, katikati mtende, lulu ndo usiseme. Nikasogea nione mshono, si unanijua, naona ukingo wa mviringo umezungukwa na maandishi, kuangalia vizuri, Kiarabu! Kile cha Kufi, mwandiko wa zamani wenye herufi za pembe pembe, miaka yote ile ya chuoni na sikuambulia neno.

Mwenyewe ni Roger wa Pili, mfalme wa Sicily, kisiwa cha Italia, Mkristo kabisa! Maandishi yanasema limetengenezwa kwenye karakana ya mfalme mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134, na yaliyobaki ni kumtakia heri na heshima, siku na usiku zisizokatika.

Usiku nikaingia kwenye simu sikulala. Kumbe kaiga makhalifa, nguo hizo zenye maandishi ya jina la mtawala zinaitwa tiraz, na jina la khalifa kwenye nguo lilikuwa sawa na jina kwenye sarafu au hotuba ya Ijumaa, ukilitoa umeasi. Al-Ma'mun alipogombana na nduguye al-Amin, aliyekuwa khalifa, alilitoa jina lake kwenye tiraz, ugomvi wa ndugu mpaka kwenye nguo jamani. Misri walifuma kitani kule Tinnis na Damietta, baadaye hata raia wakawa wanavaa, na wengine wakazikwa nazo, ule mstari wa maandishi unapitishwa machoni pa maiti. Hapo nilinyamaza kidogo.

Halafu cheka sasa, Ufaransa, mji wa Apt, kuna kitambaa cha Damietta chenye jina la khalifa al-Musta'li, kanisani wamekitunza karne na karne wakijua ni shela ya Bi Anna mama yake Maryam!

Na unamkumbuka bibi aliyetufunza kofia, alikuwa anasema kutarizi tukamcheka eti ulimi mzito? Tarizi ndo hiyo hiyo tiraz. Tumuombe radhi, bibi wa watu.

Picha nakutumia, taa imeharibu kidogo. Angalia uzi wa dhahabu, mie naona kama umelazwa juu ya nguo halafu ukabanwa na kijiuzi kingine, we unaonaje? Ukiweza jaribu kwenye ile kofia ya mjomba, si bado hujaimaliza.

Wako,
Shoga yako wa baridini