Nilimwita tapeli, kumbe ni baridi ya Ngaramtoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimwombe radhi kijana mmoja wa duka la vifaa vya umeme hapa Arusha mjini. Jina lake silitaji, la duka pia silitaji, akisoma atajijua. Mwezi Juni nilimrudishia tyubu nne za taa, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anauza feki. Alikataa kuzipokea, nikatoka nikibamiza mlango. Hakuwa anauza feki.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ngaramtoni, na pensheni naisaidia kwa kuuza miche ya hoho na nyanya. Watu hunicheka wakisikia naikuza ndani ya stoo kwa taa wakati jua la Mungu ni la bure. Waje Julai. Ukungu ukishuka kutoka Mlima Meru tunaliona jua saa sita mchana, na jirani yangu wa upande wa mashariki kapandisha ghorofa. Miche niliyoiacha nje mwaka juzi ilirefuka kama uzi, ikalala. Ndipo nikafunga tyubu sita za futi nne, wati 36, zile za aina ya zamani zenye stata ya kuwashia na choki, yaani koili ya kudhibiti umeme wa taa, juu ya rafu za mbao.

Taima niliipanga iwashe saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa tatu usiku. Wiki mbili mambo safi. Baridi ilipoingia, tyubu zikaanza kukonyeza. Waka, zima, waka, zima, robo saa nzima, mpaka mke wangu akauliza kiingilio cha disko ni shilingi ngapi. Zilizofanikiwa kuwaka zilikuwa na mwanga hafifu wa kujisokota, kama nyoka anayepita ndani ya kioo. Ncha zikawa nyeusi. Fundi akaja, akabadili stata zote. Siku mbili, yaleyale. Akabadili choki mbili, kisha akaniapia kwamba tyubu za siku hizi zote ni feki. Nami nikazibeba kwenda kumvunjia heshima mtoto wa watu.

Aliyenifungua macho ni kipimajoto ambacho binti yangu alikuwa akitumia kwa vifaranga. Nilikitundika juu ya rafu. Alfajiri ile taima inapowasha kilisoma nyuzijoto 11. Saa kumi jioni, baada ya bati kupigwa na jua kidogo, kilisoma 19. Jioni hiyohiyo nikazirudisha zile tyubu nne nilizoziita mbovu, nikabonyeza swichi. Ziliwaka zote.

Nimesoma, nimeuliza, nikaelewa hivi. Ndani ya tyubu kuna mvuke wa zebaki, na kukiwa na baridi zebaki nyingi hung'ang'ania kwenye kioo badala ya kuwa mvuke, ndiyo maana mwanga unafifia. Stata nayo ni kichupa chenye kibati cha metali mbili. Kikipata joto kinajikunja na kugusa, nyaya nyembamba zilizo kwenye ncha za tyubu zinapata moto, kisha kinaachia, choki inapiga teke la umeme, na taa inashika. Kwenye baridi teke hilo linapita bure na stata inaanza upya. Kila jaribio linabandua dawa iliyopakwa kwenye zile nyaya, na ule weusi wa ncha ni dawa hiyo. Kwa hiyo tyubu mpya, halali kabisa, inaweza kuzeeka ndani ya mwezi, na ukiitazama utaapa kwamba ni feki. Mimi niliapa.

Nilichofanya ni kusogeza taima tu: iwashe saa kumi jioni, izime saa mbili asubuhi. Mche haujui saa, unachotaka ni mwanga wake wa saa 16 na giza la kupumzika. Nilijaribu pia kuwasha saa moja usiku, nikakuta mita inasoma volti 198 badala ya 230, maana mtaa mzima unapika na kupiga pasi, na stata zikarudia muziki wao. Saa kumi jioni umeme umetulia na chumba kina joto. Zikishawaka zinajipasha zenyewe mpaka asubuhi. Umeme ukikatika usiku wa manane, hapo disko linarudi, sina dawa.

Mtasema ninunue LED. Nimenunua mbili, na kweli baridi haizisumbui, ila fundi afuate mchoro unaokuja nazo maana nyingine hazitaki stata ya zamani. Lakini chini ya hizo LED miche ya nyanya iligeuka zambarau mgongoni mwa majani. Kila niliyemwonyesha alisema imekosa fosforasi, niweke mbolea ya DAP. Nikaweka DAP, nikaunguza trei mbili. Fosforasi ilikuwemo udongoni, mizizi ndiyo iliyoshindwa kuinyonya kwa baridi. Zile tyubu kongwe na choki zao zilikuwa zinamwaga joto ambalo sikuwahi kulihesabu, na LED hazina ubadhirifu huo. Sasa rafu hiyo nimeizungushia nailoni pande tatu, na majani mapya yanatoka ya kijani. Mbegu za hoho nazo, kwa kuwa hazihitaji taa hadi zichomoze, trei zake zinakaa jikoni karibu na mkaa. Mke wangu hajafurahi.

Jambo jingine dogo: bati hutoa jasho alfajiri, na tone hutembea juu ya waya hadi kwenye soketi. Waya uning'inie kitanzi chini ya soketi kabla ya kupanda, tone lianguke hapo.

Wenye maduka, mteja akiwaambia tyubu ni za stoo ya miche au banda la kuku huku mlimani, mwulizeni alfajiri kunakuwaje. Mafundi, kipimajoto ni bei rahisi kuliko choki mbili nilizolipia bure.

Kijana, wiki hii napita dukani kwako, nahitaji stata mbili. Naomba usinipandishie bei.

Mwalimu mstaafu,
Ngaramtoni, Arusha