Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro

YAH: WAUGUZI WAPYA WAFUNDISHWE UTRASAUNDI YA MAPAFU

Ndugu Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni muuguzi wa wodini hapa Moshi. Naomba mafunzo ya utrasaundi ya mapafu, yaani kuyatazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti mgonjwa akiwa kitandani, yasiishie kwa madaktari; wauguzi walioajiriwa juzi nao wafundishwe.

Usiku mgonjwa akianza kuhema kwa shida, anayefika kitandani kwanza ni muuguzi, mara nyingi yule mgeni aliyeachiwa zamu ambazo wakubwa wamezikwepa. Daktari wa zamu huenda yuko chumba cha upasuaji. Eksirei iko jengo jingine, na mgonjwa wa hivyo hahamishwi ovyo.

Cha kujifunza si kingi. Pafu lenye hewa huonyesha utando unaolifunika ukiteleza kwa kila pumzi, na chini yake mistari ya kulala inayojirudia. Maji yakiingia kwenye nyama ya pafu, hutokea mistari ya kusimama, inayoanzia kwenye utando na kushuka hadi mwisho wa skrini. Ikifika mitatu au zaidi kati ya mbavu mbili, muuguzi anampigia daktari simu akiwa na la kusema.

Sisemi muuguzi ataje ugonjwa. Mistari hiyo huletwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu, nimonia, hata makovu ya mapafu; kwa mpagazi aliyeteremshwa kutoka Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, huenda imeletwa na kimo cha mlima. Kuamua ni kazi ya daktari. Muuguzi aseme tu: ipo au haipo.

Ila isiwe semina ya siku mbili hotelini: posho, cheti, picha ya pamoja, basi. Kila muuguzi apime wagonjwa wodini akiwa na msimamizi, picha zihifadhiwe, daktari azipitie na kumrekebisha. Kichwa cha mashine ukikiweka juu ya ubavu utaona kivuli tu, na hilo halieleweki kwa slaidi.

Pia utoke waraka unaomruhusu muuguzi kupima na kuandika alichoona kwenye faili. Bila huo, mkubwa mmoja akiuliza "nani kakutuma?" mashine inarudi kabatini. Na wagonjwa waelimishwe; kuna wazee wa kiume wakiona jeli ya kupakwa kwa kipimo hiki wanauliza kama wana mimba.

Kama nafasi ni chache, tuanze na wa zamu za usiku.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Moshi