Esi Nazo Hutupwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua niongee na wenzangu wa hapa Nairobi ambao wikendi wanacheza poka, maana kuna neno nalisikia karibu kila meza ninayokaa na linanikera sana. Neno lenyewe ni "esi hazitupwi". Mtu akishika esi mbili ama kingi mbili halafu aziweke chini kabla ya mwisho, meza nzima inamcheka, anaitwa mwoga, na wiki inayofuata hatathubutu tena hata akiona wazi kwamba amepigwa. Mimi nasema zinatupwa, na mwenye hajui kuzitupa ndiye huwalipia wengine nauli ya kurudi nyumbani.

Nieleweke, siongei juu ya ile poka yetu ya utotoni, ya "niko kadi". Ingawa nikifikiria vizuri, shida yetu inaanzia hapo hapo. Kwenye niko kadi nguvu ya karata haibadiliki, ukipigwa na mbili ama tatu esi inakuokoa, jeki inaruka mtu, kwini ni swali na lazima lijibiwe, iwe mwanzo wa gemu ama mwisho. Tumelelewa hivyo. Sasa mtu anaingia kwa hii ya Texas, anapewa karata mbili za siri, halafu tano za wote zinafunguliwa pale katikati, anaona esi mbili mkononi anadhani amebeba kitu kisichooza. Na ni kweli ni mkono mtamu, unakuja mara moja tu kwa mikono 221, na ukikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote zile unashinda kama mara 85 kwa 100. Lakini waache watu tisa waingie wafike wote hadi mwisho, esi zako hizo hizo zinashinda kama mara 31 tu. Karata hazijabadilika, kilichobadilika ni kilicho mezani na nani amebaki.

Wacha niwape mkono wangu mwenyewe. Tulikuwa watu sita kwa sebule ya binamu yangu Buruburu, blindi (pesa ya lazima inayowekwa kabla ya karata kugawiwa) 5 na 10, mimi na mzee mmoja jirani kila mtu akiwa na chipu za shilingi 1,000 mbele yake. Nikapata esi mbili, nikapandisha hadi 40, mzee na binamu wakanifuata, poti, yaani pesa iliyo katikati, ikawa 125. Zikafunguliwa tisa ya kopa, nane ya kopa na nne ya shupaza. Mzee akagonga meza, yaani akapita bila kuweka kitu, nikaweka 80, binamu akatoka, mzee akalipa. Karata ya nne ikawa saba ya flawa. Akagonga tena, nami bila kufikiria nikaweka 180. Hapo mzee akasogeza kikombe chake cha chai pembeni polepole, akavua miwani, halafu kwa mikono yote miwili akasukuma chipu zake zote 880 zikaingia katikati. Akaniambia tu, "Kijana, chukua muda wako."

Sikuchukua. Binamu alishasema "esi hazitupwi" kabla hata sijafungua mdomo, nikalipa 700 zangu zilizobaki, mzee akafungua jeki na kumi. Saba, nane, tisa, kumi, jeki, mstari wa karata tano za kufuatana, na mstari unapiga esi mbili. Hakukuwa na karata hata moja kwa pakiti nzima ya kuniokoa.

Hesabu nilikuja kuifanya usiku nikiwa kitandani na ningeifanya pale mezani, haichukui dakika. Poti ilikuwa na 1,345, mimi nilidaiwa 700, jumla 2,045, kwa hivyo ili hiyo 700 isiwe hasara nilihitaji kushinda angalau mara 34 kwa 100. Sasa uliza, huyu mzee ana nini? Kama ana tisa na nane, ana peya mbili (jozi mbili) na mimi nina jozi moja tu, kuna karata nane kati ya 44 zilizobaki za kuniokoa, hiyo ni mara 18 kwa 100. Kama ana nane tatu ama nne tatu, mbili za mkononi na moja ya mezani, nabaki na zile esi mbili zingine tu. Kama amepanga mstari, ndio hivyo, sina kitu. Kumlipa kungekuwa sawa tu kama mzee hudanganya ama husukuma na mkono mbovu kuliko wangu zaidi ya mara moja kwa kila tatu, na mzee huyu tulikuwa tumekaa naye tangu saa moja jioni hajapandisha hata mara moja baada ya karata kufunguliwa. Swali nililojiuliza mimi lilikuwa "mkono wangu una nguvu?" na jibu lake ni ndio kila siku. Swali la maana lilikuwa mikono gani mibovu kuliko wangu inaweza kuweka pesa yote hapa, na sikuona hata mmoja ambao mzee angeuweka.

Halafu kuna ile ya "lakini nilikuwa nimeshaweka 300". Ndio imemaliza watu wengi kuliko esi zenyewe. Ni kama kusimama steji tauni unangojea matatu namba 58, nusu saa imeisha, inakuja imejaa hadi mlangoni, na bado unakataa kupanda ingine kwa sababu umeshangoja. Ile 300 ikishaingia kwa poti si yako tena, ni ya poti, unaamua tu kuhusu hii 700 iliyo mkononi.

Mwezi uliofuata nikapata kingi mbili, mzee tena, karata ya nne ikaja mbaya, akasukuma. Safari hii nikahesabu, nikaziweka chini. Mzee akarudisha zake bila kufungua na akaanza kupanga chipu, meza ikanicheka karibu dakika tano, wakinisukuma nimwombe anionyeshe. Sikumwomba. Hadi leo sijui alikuwa na nini na nimekubali kutojua, maana angenionyesha blafu moja, kwamba alisukuma bila kitu, ningeanza kumlipa kila siku kwa hasira.

Najua kuna mtu atasema, na 2003 je? Ile fainali ya mashindano ya dunia kule Las Vegas, Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingilia kwa mashindano madogo ya intaneti, alimsukumia Sammy Farha pesa yote akiwa hana hata peya, na Farha akatupa peya ya tisa iliyokuwa mbele. Moneymaker akatoka na dola milioni 2.5 kati ya watu 839. Ndio, Farha alikosea mkono huo, na mtu anayetupa kila kitu ataliwa na kila mwongo wa mtaa, hilo silikatai hata kidogo. Lakini Farha alifikiria, akamsoma mtu aliye mbele yake, akaamua. Ni tofauti kabisa na mimi niliyelipa kwa sababu binamu ametoa sauti. Kukosea ukifikiria naweza kuishi nako.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye kucheza, na mcheze na pesa ambayo si ya kodi wala ya shule, mtu akitupa mkono mzuri muacheni. Jumamosi tunakaa tena, na binamu nimeshamwambia hivi, yeyote akiweka kingi zake chini asiulizwe kwa nini, apewe karata zingine tuendelee.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi