Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Uimara na Gharama za Injini Zilizojengwa Upya

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza Kamati iwasikilize wanachama waliojenga upya injini za magari yao ili kupata nguvu zaidi, kisha ilete majibu ya maswali mawili ambayo yamekuwa yakirudi kila tunapokutana: je, injini hizo zinadumu, na je, zinamgharimu mwenye gari kiasi gani hasa? Tumezungumza na wenye Subaru Impreza na Forester, wenye Toyota Mark II na Altezza, tumeshinda gereji hadi usiku, na tumepitia risiti za wale waliokuwa nazo. Wengi hawakuwa nazo, na jambo hilo peke yake limeiongoza sehemu kubwa ya taarifa hii. Habari za ada na akaunti ya benki zimo katika taarifa ya Mhazini, kwa hiyo sitazirudia.

Naomba nianze na injini yangu, maana si haki kusimulia hasara za wenzangu nikaificha yangu. Forester yangu ilitoka Japani ikiwa na EJ20 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), injini ya Subaru ya lita 2 ambayo kila silinda ina kipenyo cha milimita 92. Niliishusha, nikanunua pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kugandamizwa, si kwa kumiminwa), konrodi mpya (mikono inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu unaozunguka) na tabo kubwa kidogo kuliko ile ya kiwandani. Nilikuwa nimetenga shilingi milioni 9. Mpaka gari linawaka nilikuwa nimetumia karibu milioni 16. Siku moja, nikiwa narudi mjini kutoka Chalinze, nilipokaribia Mlandizi nilisikia mlio mkavu wa kugonga uliopanda na kushuka sawasawa na mzunguko wa injini. Nilizima gari papo hapo, nikalivuta hadi Dar es Salaam. Fundi mmoja mzee alifungua filta ya oili, akaikata kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juu ya kifuniko cha boksi chini ya taa, na hapo sote tukaona vumbi la rangi ya shaba likimetameta kwenye mikunjo. Beringi ya konrodi ya silinda ya nne ilikuwa imelika mpaka tabaka la shaba limejitokeza.

Nilirudi kwa fundi aliyeifunga injini hiyo nikamuuliza aliacha nafasi kiasi gani kati ya beringi na krenki. Alinijibu kwamba krenki ilikuwa inazunguka vizuri kwa mkono. Kipimo hakikuwepo, wala hakikuwahi kuchukuliwa. Ndugu wanachama, kwa shingo ya krenki yenye kipenyo cha milimita 52, kama ile ya konrodi za EJ20, nafasi inayotafutwa ni kama sehemu 5 kati ya 100 za milimita moja, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Mkono hauwezi kuihisi. Ikizidi, shinikizo la oili linapungua; ikipungua, utando wa oili unakatika na chuma kinasugua chuma. Namheshimu fundi yule, na najua kazi yake ya magari ya kila siku ni nzuri, lakini injini inayosukumwa na tabo zaidi ya ilivyopangwa kiwandani haina ile akiba inayofunika kosa dogo.

Habari za namna hii ndizo tulizozisikia mara nyingi kuliko nyingine zote. Mwanachama mmoja alifunga ringi za pistoni kama zilivyotoka kwenye pakiti bila kuzipima ndani ya silinda, ilhali kwa injini yenye tabo na silinda ya milimita 92 uwazi kati ya ncha mbili za ringi ya juu unatakiwa uwe karibu nusu milimita. Ringi zilipopata joto ncha zake zikakutana na kukwangua ukuta wa silinda. Mwingine alipeleka bloki kuchongwa kwa kipimo cha kawaida cha pistoni za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, wakati pistoni zake za kufuliwa, kutegemea aina ya aloi, hutanuka zaidi na huhitaji nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta wa silinda. Ringi hizo na pistoni hizo zote zilikuwa halisi na za bei ya juu. Hakuna hata moja iliyoharibika kwa sababu ya ubovu wake yenyewe.

Kwa wenye EJ25 yenye tabo, injini nyingine ya Subaru, ya lita 2.5, jambo la kuangalia ni jingine. Pistoni zake za kiwandani ni za kusubu, na zinajulikana kupasuka kwenye ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili pale mafuta yanapolipuka kabla ya wakati wake. Hapo ubora wa petroli unahusika moja kwa moja. Magari mengi ya michezo ya toleo la Japani yalipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo viwango vya huko vinaitaka iwe na oktani (kipimo cha petroli kustahimili bila kulipuka mapema) isiyopungua 96 na ambayo vituoni huuzwa ikiwa karibu na 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki 100. Mtu anayechukua programu ya kompyuta ya injini iliyoandaliwa kwa petroli ile na kuipakia hapa Pwani, kwenye joto la Januari na foleni inayoipasha moto intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) iliyolala juu ya injini, anajitafutia pistoni zilizopasuka. Hata programu iliyopangwa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na hewa ya baridi, isitumike Dar es Salaam bila kukaguliwa upya.

Wenye Mark II zenye 1JZ-GTE, injini ya Toyota yenye tabo, walikuwa na maneno machache zaidi ya uchungu, na nadhani sababu inaeleweka: bloki yake ni ya chuma, silinda 6 zimepangwa kwa mstari mmoja, na wengi wao hawakufungua injini kabisa. Walibadilisha pampu ya mafuta, wakaweka rejeta nzuri na geji za joto na shinikizo la oili, wakaridhika na ongezeko la kiasi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia ambayo mwanachama mpya anapaswa kuifikiria kwanza.

Kuhusu gharama, tulichokiona ni kwamba watu hupanga bajeti ya vitu vinavyoonekana. Pistoni, konrodi na tabo huandikwa; kuchonga bloki, kusawazisha krenki, gasketi, bolti za silinda hedi, injekta, klachi inayoweza kubeba nguvu mpya, siku za kutyuni (kupanga programu ya injini), na oili inayomwagwa baada ya safari fupi ya kwanza havionekani kwenye karatasi. Kwa mizigo ya nje kuna nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kuna pia gharama ya gari kukaa juu ya mawe miezi kadhaa huku mwenye gari akipanda bodaboda kwenda kazini. Kwangu mimi, vitu ambavyo sikuviandika vilikaribia kufikia thamani ya vile nilivyoviandika. Aidha, beringi zenye nembo ya kughushi zimewafikia baadhi yetu kupitia maduka ya Gerezani, na waliookoka ni wale waliofungua pakiti mbele ya muuzaji na kulinganisha namba na alama za nyuma ya chuma.

Kwa msingi huo Kamati inaleta mapendekezo mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza ni kwamba chama kinunue mikromita (kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana), geji ya kupimia ndani ya silinda na sensa ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, vitunzwe na Katibu na viazimwe kwa mwanachama yeyote aliyelipa ada. La pili ni kwamba kila injini inayofungwa iwe na karatasi ya vipimo iliyosainiwa na fundi pamoja na mwenye gari, ikionyesha nafasi ya kila beringi, uwazi wa kila ringi, na nafasi ya kila pistoni kwenye silinda yake. Nakala ya karatasi hiyo imewekwa kwenye kila kiti. Ya injini yangu ya pili, iliyofungwa na yule mzee aliyekata filta, nimeiambatisha nyuma ikiwa imejazwa, mkaione na kuihoji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dar es Salaam